Mwalimu Aliyewaita Wanyama kwa Rejesta

Waombolezaji wenzetu, kabla gari halijaondoka hapa Langas kumpeleka Mwalimu Jeconia Otiende nyumbani Asembo, tunawaomba mtulie, maana jana tulishauriwa tuisome historia yake kwa ufupi, nasi tumekataa, tutaisoma yote.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1946, mtoto wa tatu wa Mzee Opiyo na Mama Adero, akasoma huko huko Asembo hadi mwaka wa 1962, akahitimu chuo cha ualimu Kisii mwaka wa 1966, na Januari iliyofuata akaja Eldoret na sanduku moja la mbao. Alimuoa Benta Awuor kanisani tarehe 12 Desemba 1970, wakajaliwa watoto watano, ambao kila Jumapili aliwaamsha mapema wakatazame ndege kabla ya ibada.

Kuanzia mwaka wa 1979 alifundisha darasa la tano katika shule moja ya upande wa Soy, ambayo hatutaitaja kwa kuwa mwalimu mkuu wake ameketi hapa na anajijua. Alipoona watoto wanadhani kifaru ni kitu cha hadithi kama zimwi, akabuni njia yake ya kuwaeleza juu ya wanyama wanaokaribia kwisha: akishawaita watoto kwa rejesta, aliwaita na wanyama, na mtoto aliyekabidhiwa mnyama alisimama kumjibia, yupo au hayupo, na kama hayupo, aseme ni kwa nini. Wa kifaru alisema ameuawa kwa ajili ya pembe, wa mbega alisema msitu wake umekuwa makaa, na watoto hao mwanzoni walilia, baadaye wakaanza kukasirika, na hapo ndipo Mwalimu alipoamini wameelewa.

Ijumaa tarehe 11 Julai 1986, shule ilipopata wageni wa heshima, mwalimu mkuu, akidhani rejesta ile ni mchezo wa kuwachekesha wakubwa, aliliita darasa la tano mbele, na alipoitwa korongo, binti wa miaka kumi na mmoja aitwaye Nasambu alisimama akajibu kwa sauti kwamba hayupo, kinamasi chake kimekaushwa na mheshimiwa ili apande ngano, naye mheshimiwa alikuwa ameketi pale pale, soda mkononi.

Mwalimu angeweza kusema mtoto amekosea. Polisi walimletea hati aitie sahihi kwamba amefundisha uongo na uchochezi, akakataa, akalala seli siku kumi na tisa juu ya saruji yenye maji, akatoka akikohoa, kazi amesimamishwa. Mara tatu hati ile ililetwa hapa nyumbani, mara tatu akairudisha, akisema hawezi kumwekea alama ya kosa mtoto aliyepata jibu.

Mapafu yalizidi kumsumbua, akalazwa hospitalini mwezi wa Januari, akafariki Jumatatu tarehe 9 Februari 1987, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka arobaini.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, hasa Mama Wamucii aliyeleta uji kila siku, na Mwalimu Khisa, ambaye peke yake kati ya walimu kumi na wanne alithubutu kuja kumwona mchana kweupe. Nyinyi kumi na watatu mliotia sahihi barua ya kumshtaki, chai ipo, kunyweni, lakini jeneza hamtaligusa.

Nasambu, ambaye tangu Julai analia, na sasa anadhani ni yeye aliyemuua mwalimu wake, tumemkalisha mbele pamoja na watoto wa marehemu, ili kila mtu amwone, na yeye asikie kwamba alijibu sawa. Wewe pumzika kwa amani, Mwalimu. Hasira tuachie sisi.