Kinywa cha Baba Kilipofunguliwa

Nawasalimu katika jina la Yesu, Bwana asifiwe. Mimi ni Rejina wa Ludara. Kusema mbele ya watu kunanishinda, kwa hiyo nimeandika polepole ili msomewe.

Ndugu zangu, tulikuwa tumerudi Uganda kutoka ukimbizini Zaire na kuanza kulima tena, ndipo baba akaanguka shambani. Upande wa kulia ulipooza, na maneno yakampotea. Tukampeleka hospitali Arua.

Kwetu mgeni akimletea mgonjwa chakula, mgonjwa lazima aonje, ili mgeni asirudi na huzuni. Basi kila aliyefika alimpa baba kijiko cha uji, amelala chali vilevile. Akawa anakohoa. Homa ikapanda, na kinywa kikaanza kunuka vibaya. Shangazi Zaituni, dada yake baba, akasema, "Hii hapana ugonjwa. Mutu amepewa sumu. Tunarudisha yeye nyumbani, kule iko mzee moja ya dawa." Akaanza kukunja mikeka.

Nilijua safari ya kurudi kwa lori ingemmaliza baba. Nilikwenda nyuma ya wodi, penye kamba za nguo, nikamwomba Mungu anipe ujasiri. Kisha nikamshika mkono sista, muuguzi wa wodi. "Sista, njoo unuse," nikasema. Nikamvuta hadi kitandani kwa baba.

Sista alileta tochi akafungua kinywa cha baba. Ndani ya shavu lililopooza kulikuwa na uji wa jana na juzi, umekauka.

"Nani analisha huyu?"

"Sisi wote," shangazi akajibu.

"Basi nyinyi wote mtasafisha."

Mikeka ikatandikwa tena. Daktari alisema chakula kimeingia kwenye mapafu. Akampa dawa, akaagiza alishwe kwa mpira mwembamba unaopita puani hadi tumboni mpaka sista ahakikishe anaweza kumeza. Mhudumu wa wodi alimkalisha. Mimi nilishika bakuli la maji ya chumvi. Shangazi alizungushia kidole kitambaa safi, akafuta meno, ulimi na mashavu, asubuhi na jioni. Yeye ni Mwislamu. Alisema dua yake, nami nikaomba kwa Yesu, huku tukifanya kazi moja. Wageni waliponuna, aliwaambia, "Uji yako acha hapa. Mimi nakunywa kwa jina yake."

Homa ikashuka. Asubuhi moja shangazi alikuwa akisugua, baba akageuza kichwa, akasema kwa shida, "Dada, mkono yako nzito."

Yalikuwa maneno yake ya kwanza tangu aanguke. Shangazi alikaa chini akalia, kitambaa bado kidoleni.

Mkono wa kulia haujarudi, lakini baba anakula mwenyewe na anasali kwa sauti. Namshukuru Mungu aliyemponya kwa mikono ya watu wengi. Ndugu zangu, kama mgonjwa wako amelala bila sauti, usimkimbize nyumbani. Mtegemee Yesu, umwite sista, mfungue kinywa chake pamoja, muangalie ndani.