Milimita Mbili kwa Wiki

Wasikilizaji wapendwa, tueni kidogo mlichobeba, tukae pamoja. Mimi ni Fidès. Leo tunamkumbuka Madame Annuarite Lwaboshi, mshonaji na mwalimu wa fizikia, aliyefariki hapa kambini Dzaleka, Malawi, akiwa na miaka hamsini na mmoja. Tenki la maji lilimwangukia. Narudia, maana kuna wanaosema alirogwa. Tenki la maji lilimwangukia, Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi, na alikuwa amekwisha kutuambia kwamba litaanguka.

Kwao ni Uvira, Kongo. Huko alifundisha fizikia sekondari hadi vita vilipomkimbiza. Huku Malawi, mjini Lilongwe, akashona nguo Old Town miaka tisa. Ilipotoka amri wakimbizi turudi kambini, akarudi, cherehani kichwani, binti yake Orpa nyuma na mfuko wa vitambaa.

Alasiri, kibarazani kwake, alifundisha vijana wanaojiandaa kwa mtihani. Bure. Alikuwa anawapa wawili kitambaa, huyu ashike huku, yule kule, wavutane. Wakivutana sawasawa, kitambaa kinatulia. Hapo anauliza, "Munaona kitu inanyamaza. Nguvu iko ama haiko?" Wanajibu haiko. "Iko! Iko mbili, zinalingana. Moja ikiachia, njo mutaiona." Mimi jirani yake nilikuwa nacheka. Fizikia na kambi, wapi na wapi?

Basi, tenki. Mnalijua, lile jeusi la lita elfu tano, juu ya miguu ya chuma, mita nne kwenda juu. Siku moja Madame alipeleka magauni Area 49, Lilongwe, akaona tenki la ukubwa ule ule. Lilisimama juu ya nguzo nene za saruji. Akatoa utepe wake wa kushonea, akapima nguzo. Mlinzi akamfukuza kama mwizi. Aliporudi akapima miguu ya tenki letu. Orpa anasema siku ile mama yake hakula nsima, ugali wa huku.

Akaenda kwa Mzee Ndikuriyo, mwenyekiti wa kamati ya maji ya mtaa wetu. Mzee akamjibu hivi, nami nilikuwepo:

"Mama Orpa, tenki hii bantu bane tu njo baliipandisha na mikono. Bantu bane! Itavunja chuma namna gani?"

"Baliipandisha tupu, Mzee. Bidoni moja ya maji ni kilo makumi mbili, sawa mutoto wa chekechea. Humo munaingia bidoni mia mbili na makumi tano. Utapandisha batoto mia mbili na makumi tano pale juu?"

Watu wakaangua kicheko. Hata mimi. Akaendelea, sauti chini, kwamba kilo inasema maji ni mengi kiasi gani, na nyutoni inasema ardhi inayavuta kwa nguvu gani. Likijaa, nyutoni elfu hamsini. Hakuna aliyeuliza nyutoni ni nini. Mzee alikubali jambo moja tu, Madame atundike uzi.

Uzi wa kushonea, kutoka juu ya mguu mmoja wa chuma. Chini yake mkasi wake wa zamani, ncha ikielekea alama ya chaki kwenye saruji. Mguu ukiinama, ncha inaiacha alama. Wiki ya kwanza ncha ilihama milimita mbili. Wiki ya pili, mbili tena. Aliwaambia wanafunzi, "Umbali gawanya kwa muda. Milimita mbili kwa wiki. Konokono anatucheka, lakini ni mwendo." Wiki ya tatu zikawa tano. Siku hiyo hakufundisha. Alimwambia Orpa, "Imeanza kuharakisha. Na kutoka mita ine mupaka chini, haimalizi sekunde moja. Sekunde moja haitoshe kuita Yesu mara mbili."

Wakati huo pampu ilikuwa mbovu, tenki halikuwahi kupita nusu. Ijumaa jioni pampu ikatengenezwa. Tenki likajaa kwa mara ya kwanza, tukapiga vigelegele.

Jumamosi alfajiri tulikuwa kumi na wawili kwenye foleni. Madame akaja, akautazama mkasi, akapiga kelele tuondoke. Nani anaacha foleni Dzaleka? Bidoni yako ndiyo nafasi yako. Akaacha kusema. Akaanza kurusha bidoni zetu, moja moja, kwenye mteremko. Zikabingirika, na wenyewe wakazifuata mbio huku wakimtukana mama yake na kabila lake. Watu kumi na mmoja, bidoni kumi na moja.

Ya kumi na mbili ilikuwa yangu.

Wasikilizaji wapendwa, sijawahi kulisema hili hewani. Niliing'ang'ania. Yeye anavuta huku, mimi kule, bidoni imetulia katikati yetu. Nilimwita mwendawazimu. Juu yetu chuma kikalia. Alinitazama, na akaachia. Nilirushwa kinyumenyume na nguvu zangu mwenyewe hadi mtaroni, bidoni kifuani. Nilipoinua kichwa yalikuwa maji tu.

Alijua akiachia nitaanguka upande gani. Neno la mwisho alilolisikia duniani ni tusi langu.

Orpa, mwanangu, pole. Pole kwa familia ya Lwaboshi popote walipo, na kwa wanafunzi wake. Mungu ampokee, na anisamehe mimi.

Ninyi mnaonisikiliza, tafakarini hili. Tenki la pili, kwenye njia ya sokoni, lina miguu ile ile. Orpa ametundika uzi na mkasi pale. Wiki iliyopita, milimita mbili. Wiki hii, nne. Kamati imeambiwa. Leo asubuhi nimepita, bidoni zenu zimepangwa chini yake, mstari mzuri.

Kesho saa kumi na mbili asubuhi nitakuwa pale. Nitazirusha zote. Nitukaneni, lakini kimbieni mkazifuate.