Delphia Stamper, Aliyejaza Fomu ya Chakula Mbele ya Watu

Tunayemzika leo ni Delphia Ruth Stamper. Mimi ninayesoma ni Loretta, binti yake wa kwanza.

Mama alizaliwa tarehe 9 Machi 1951 hapa Sorrel Fork, West Virginia, mtoto wa tano wa mchimba makaa ya mawe Hobart Meade na mkewe Icy. Alisoma hadi darasa la kumi, akaacha ili amuuguze mama yake. Jambo hilo hakulionea aibu, alilionea hasira.

Mwaka 1970 aliolewa na Verlin Stamper, wakajaliwa watoto watatu. Baba alivunjika mgongo mgodini mwaka 1979, na tangu hapo tuliishi kwa mshahara wa Mama, mpishi wa shule yetu kwa miaka thelathini na mmoja. Mkate wake wa mahindi uliwarudisha hata walimu kwenye foleni.

Mwaka 1986 mgodi ulikuwa umefungwa. Bodi ya elimu ikatangaza kwamba shule yetu si ya maskini, hivyo itanyang'anywa walimu wawili wa kusaidia watoto kusoma. Umaskini ulipimwa kwa idadi ya watoto waliosajiliwa kula bure au kwa bei pungufu, na wazazi wengi walificha fomu kwa fahari. Mama pia. Sisi wanawe tulibeba viazi baridi kwenye mfuko.

Tarehe 14 Oktoba alisimama kwenye kikao cha bodi.

"Takwimu hazidanganyi, Bi Stamper," mwenyekiti alisema. "Ni robo tu ya watoto wenu waliosajiliwa."

"Hazidanganyi, zimedanganywa. Na tuliozidanganya ni sisi. Nipe kalamu."

Akajaza fomu palepale, akisoma kwa sauti: "Mume, kilema. Watoto, watatu. Kipato, hicho mnachonilipa ninyi wenyewe."

Baba aliumia. "Delphia, umetuvua nguo mbele za watu."

"Tulikuwa uchi zamani, Verlin. Nimewasha taa tu."

Kwa wiki tatu alipita nyumba kwa nyumba. Jirani yetu Ottis Blevins alimfokea mlangoni: "Mimi siombi serikali chakula!"

"Nani kasema uombe? Andika ukweli, mwalimu wa mwanao asiondoke. Chakula akikikataa, nitakila mimi."

Ottis alicheka, akaandika. Kufikia Desemba walisajiliwa watoto sabini na mmoja katika kila mia. Mwalimu mmoja alibaki. Wa pili alikuwa ameshahamishwa, na Mama hakuisamehe bodi.

Waliokula bure walipewa tiketi za buluu ili wajulikane. Mama alizitia zote jikoni motoni, akasimamishwa kazi wiki nzima. Aliporudi, tiketi za kila mtoto zilikuwa nyeupe.

Februari 2023 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Daktari alimwagiza asitoke kitandani. Machi alikwenda kikaoni kwa kiti cha magurudumu, maana sasa bodi inataka kuifunga shule yenyewe. Alifariki nyumbani tarehe 3 Juni, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwangu.

Baba alimtangulia mwaka 2004. Mama ameacha watoto watatu, Loretta, Darrell na Junie, wajukuu sita, dada yake Opal, na watu wazima wengi waliomo humu ndani ambao wanaweza kuisoma karatasi hii wenyewe.

Yeye apumzike kwa amani. Sisi bado.