Mlambamawe na Kifupa cha Sikio

Sogeeni karibu na redio, wasikilizaji wapendwa. Leo tunamkumbuka mtafiti wa mifupa ya kale, mama ambaye wanafunzi wake walimwita Mlambamawe. Ametutoka wiki iliyopita. Na msidhani jina hilo ni tusi. Mawe aliyalamba kweli.

Ndani ya sikio lako mna vifupa vitatu vidogo mno. Viwili kati yake, kwa wanyama wa kale kabisa waliotutangulia, vilikuwa sehemu ya taya. Polepole vikanywea, vikahamia nyuma, vikawa vya kusikia. Narudia: vya kutafuna vikawa vya kusikia. Mlambamawe alimtafuta mnyama aliyefia katikati ya safari hiyo. Wenzake walimwambia anapoteza muda. Baba yake ndiye aliyenuna zaidi. Alimsomesha udaktari wa watu, binti akakimbilia mawe. Wakanuniana miaka na miaka.

Asubuhi moja, maabarani, akatoa kwenye jiwe taya ya mnyama mdogo kama panya. Nyuma yake, chembe. Mfupa au jiwe? Watu wa kazi hiyo wana kipimo chao: huigusisha ulimini. Jiwe hudondoka. Mfupa wa kale una vitundu, hunata.

Chembe ikanata. Ndiyo yenyewe, wasikilizaji wapendwa: kifupa cha taya kilichokuwa njiani kuhamia sikioni. Ila kuibandua kunataka maji na brashi, taratibu mno, la sivyo inavunjika. Kuongea ndiyo usithubutu.

Hapo mlango ukafunguliwa. Mdogo wake wa kiume, fundi bomba, jasho linamtoka.

"Dada, baba yuko hoi hospitali. Anakuulizia. Unakuja, huji?"

Chembe bado imenata ulimini. Brashi mkono huu, mkono wa pili akauinua: subiri. Mdogo wake akaona anafukuzwa.

"Hata leo, dada? Haya. Nimekuelewa."

Akaondoka. Mlambamawe anasikia viatu vinashuka ngazi. Akiita, kifupa kinapotea, na hana kingine. Asipoita, gari linaondoka. Aliogopa, na aliwahi kusema mwenyewe kwamba kwa kitambo alitaka kunyamaza. Viatu vikafika chini.

"Ngoja! Nakuja!"

Kifupa kikateremka kooni kama kidonge.

Mdogo wake anasimulia: "Kwenye gari analia, anacheka. Ananiambia, nimemeza kazi yangu. Nikajua dada yangu keshachanganyikiwa."

Walipofika, mzee hawezi tena kusema. Macho kayafumba. Muuguzi akawaambia, ongeeni naye, huenda anasikia. Binti akainama sikioni, akaomba radhi, akamsimulia yote, mpaka kumeza. "Baba aliushika mkono wake," anasema mdogo wake. "Hakuuachia mpaka alipokata roho jioni ile."

Kifupa kingine hakukipata tena maishani. Watafiti wengine walikuja kukipata chao, mbali sana, na yeye akawapigia simu kuwapongeza. Iliuma. Akiulizwa kama anajuta, alikuwa anasema, "Nakiwaza kila siku. Lakini ningeita tena."

Kwa mdogo wake, kwa wanafunzi wake, poleni sana. Tunalia pamoja nanyi. Na wewe unayenisikiliza, fikiria kidogo. Kama kuna mtu amekuuliza jambo na bado anasubiri, usiningoje mimi nimalize. Zima redio, umjibu.