Mwalimu Manasseh Angwenyi Anakiacha Kisiwa Chake

Tarehe 31 Desemba 1957 Mwalimu Manasseh Angwenyi anastaafu, baada ya kufundisha Jiografia kwa miaka ishirini na saba katika shule yetu ya kilimani, juu ya soko la Nyaramba. Kwa muda huo wote amefundisha habari za bahari bila kuiona hata kwa mbali. Wengi wetu tusingethubutu.

Alianza kazi Januari 1931. Mwaka huohuo aliwaongoza wanafunzi kuchimba handaki la duara kando ya kijito, wakaliacha lijae maji, na katikati wakabakisha kilima kidogo. Hicho kikawa Kisiwa cha Mombasa. Juu yake walijenga ngome ya Wareno kwa udongo, ukuta wa kufika kifuani, na gogo la mkaratusi likawa daraja. Wageni wa misheni walikisifu sana. Mtamba wa Mama Nyanchera, jirani yetu, alikipenda kuliko wote, akatumbukia handakini, na somo la siku hiyo likawa kuvuta kamba.

Shida ilikuwa ndani ya ukuta. Mwalimu alizaliwa siku ambazo vijana wa Kigusii bado walilala egesarate, lile zizi kubwa lenye ukuta ambamo walilinda mifugo ya ukoo kwa mikuki, kabla serikali haijayapiga marufuku mazizi hayo. Basi alipofikiri ngome, alifikiri egesarate. Kila muhula wanafunzi walifinyanga ndama wa udongo na kuwapanga ndani, naye akaeleza kwa utulivu kabisa jinsi Wareno walivyolinda mifugo yao dhidi ya Wakipsigis. Wakipsigis walifikaje pwani, hakuna aliyeuliza. Mwalimu alikuwa na fimbo.

Mwaka 1938 mtihani ulitaka watahiniwa waeleze kwa nini ngome ya Mombasa ilijengwa. Wavulana wetu kumi na mmoja walijibu kwa sauti moja, Wakipsigis na ndama wote wakiwemo. Msahihishaji aliona wamenakiliana, akazifuta karatasi zote. Mwalimu alitembea hadi Kisii mjini katika mvua, akasimama mbele ya yule bwana na kumuuliza, "Kama hakuna mifugo ndani, ukuta mkubwa hivyo ni wa nini?" Bwana yule hakutoa alama hata moja. Wavulana walirudi nyumbani kupalilia wimbi, na aandikaye wasifu huu, ambaye leo ni mwalimu hapahapa, alikuwa mmoja wao. Inauma mpaka leo. Inauma zaidi kwa sababu hakuna mtu mwingine aliyewahi kulowana kwa ajili yetu.

Vita vilipokuja, Mwalimu alijiunga na jeshi, na aliporudi mwaka 1943 alitangaza kwamba alikuwa ameilinda ngome yenyewe, kwa bunduki, na kwamba mifugo ilikuwa imehamishwa kwa usalama. Tulimwamini miaka mitatu. Kisha akaletwa mwalimu mwenzetu Fred Obura, mtu wa ziwani, ambaye naye alikuwa jeshini Kisumu. Alimtazama Mwalimu mara moja tu pale barazani, akasema, "Huyu si ule mtu wa stoo ya blanketi?" Mwalimu alikumbuka ghafla kwamba ana kipindi.

Tangu hapo tumemwalika Mombasa mara kadhaa. Mara goti, mara pareto haijachumwa, mara hali ya hatari. Safari hii walimu tumemkatia tiketi ya gari la moshi, ya kwenda na kurudi, na mkewe, Mama Mong'ina, amekwisha kuitangaza safari kanisani Sabato iliyopita. Kutoka hapo hakuna goti litakalomwokoa.

Mwalimu, tunakushukuru. Ulitufundisha kuuliza ukuta ni wa nini, na hilo hakuna msahihishaji aliyeweza kulifuta. Mwalimu mkuu mpya anataka kukifukia kisiwa apate kiwanja cha mpira. Tumemwomba asubiri mpaka urudi: ukisema ulitudanganya, majembe yapo tayari, ukisema vinginevyo, tutakuamini kwa shida, lakini kisiwa kitabaki.

Fred anatukumbusha kwamba ngome ile siku hizi ni jela, na haingii mtu ila mwenye kosa. Usiogope. Ukifika langoni waambie una makosa kumi na moja, na majina yetu unayajua. Watakufungulia. Angalia vizuri kilichomo ndani, kisha urudi salama kwa Mama Mong'ina, ukale uzee wenye maziwa tele, na siku moja asubuhi upande hapa kilimani utuambie kwa kinywa chako.