Mwakilishi wa Bomba la Pili

Marehemu dada yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa nne kati ya saba wa seremala na mkunga. Alimaliza darasa la saba mwaka 1975. Shuleni walimbatiza Bibi Kwanini, na jina likamganda.

Alikuwa dobi. Kwa miaka thelathini na miwili alifua mashuka ya nyumba ya wageni kwa maji ya bomba la pili, lililojengwa na shirika la kimataifa. Mwaka 1984 aliolewa na fundi baiskeli, wakajaliwa watoto watatu.

Mwaka 2011 maji yakaanza kutoka jioni badala ya alfajiri. Dada akamfuata meneja wa mradi.

"Nani kaamua?"

"Baraza kuu la shirika, mama."

"Lina mtu wa bombani?"

"Hapana."

"Sasa wanajuaje kwamba mashuka yanakaushwa na jua?"

Akaliandikia baraza. Ikaja fomu ya kuomba kuhudhuria mkutano wao, ikiuliza anawakilisha chama gani. Akajaza: Watumiaji wa Bomba la Pili. Chama hicho hakikuwepo. Alipokubaliwa, usingizi ukampaa.

"Baba watoto, nimewadanganya watu wazima!"

Jumapili akawaita wenzake wachague mwakilishi kwa kupanga ndoo, nyuma yake au nyuma ya muuza mkaa aliyegombea naye. Akapata ndoo arobaini na moja.

"Na yako umeihesabu!" muuza mkaa akalalamika.

Akaitoa. Zikabaki arobaini kwa tisa.

Mkutanoni, mwaka 2012, alipewa kiti cha nyuma na dakika mbili. Akauliza: "Mbona sisi wenye kuyatumia maji tunasikilizwa tu, hatupigi kura?" Mwenyekiti akamshukuru. Mwaka uliofuata maji yalirudi alfajiri, lakini swali halikujibiwa. Akalituma tena kila mwaka, mara kumi na moja.

Figo zilianza kumsumbua Agosti 2023. Wodini alimhoji daktari mpaka daktari akavuta kiti akaketi. Tarehe 28 Aprili 2024 barua ikafika: Septemba baraza litaamua kama watumiaji wapewe kura, na bomba la pili lilete msemaji. Majirani wakamuuliza anamteua nani.

"Mimi nani niwateulie? Chaguaneni."

Alifariki tarehe 3 Mei, saa tatu asubuhi, katika hospitali ya wilaya.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu watano na ndugu wanne. Uchaguzi wa msemaji ni Jumapili ijayo, saa nne asubuhi, bombani.

Dada yetu apumzike kwa amani. Jibu tutalifuata sisi.