Anisia Telesphori, Anayezikwa Leo Bila Mkaa

Ndugu, majirani wa Songwa, na ninyi mliolisindikiza jeneza kwa lori kutoka Geita, poleni kwa safari na poleni kwa msiba. Wasifu huu unasomwa na mdogo wa marehemu, Coletha. Uliandikwa juzi, kisha jana alasiri ukaandikwa upya, na sababu yake mtaisikia. Mwenye haraka atuvumilie. Anisia alivumilia zaidi.

Marehemu alizaliwa Ushirombo tarehe 3 Machi 1942, mtoto wa pili wa Mzee Telesphori na Mama Paskazia, wakulima wa mihogo na karanga. Kaka yake ni Ansgar, na Coletha ndiye kitinda mimba. Alibatizwa hukohuko misheni akiwa na wiki mbili.

Alisoma shule ya misheni mpaka darasa la sita, mwaka 1957, kisha masista wakamfundisha cherehani. Huko aligombana na sista mmoja, maana kila shati la mtoto aliacha pindo nene kwa ndani. Sista akamwambia anaharibu kitambaa. Anisia akajibu, "Mtoto atakua, Sista, kitambaa hakitakua." Alichapwa kiboko cha mkono, na pindo hakuliacha. Mpaka anafariki, mama wa watoto sita aliweza kununua shati moja kwake likavaliwa na watatu.

Tarehe 8 Septemba 1962 alifunga ndoa na Onesmo, mwana wa Mzee Jilala wa hapa Songwa, fundi wa mashine za kusaga mawe kwenye mgodi wa almasi. Mzee Jilala alimpokea bibi harusi mlangoni akamwambia, "Mayu, mama yangu, nyumba yangu imenyamaza mno. Niletee kelele." Watu wakacheka, na Anisia akacheka nao. Kelele hazikuja.

Wenzake walioolewa mwaka ule wakawa Mama Donatus na Mama Generosa. Yeye akabaki Ng'wana Telesphori, mtoto wa baba yake, kama vile hajatoka kwao. Akimkanya mtoto wa jirani kisimani, aliambiwa uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mganga mmoja alimnywesha mizizi iliyomtapisha siku nzima, mwingine akasema bibi yake aliyekufa amekasirika. Miaka kumi na moja alitibiwa peke yake. Onesmo hakuulizwa hata kama kichwa kinamuuma, maana mwanaume anayenyanyua chuma cha mashine bila kusaidiwa nani angemshuku?

Mwaka 1969 alifariki shangazi wa mumewe, Bernadina, ambaye hakuwahi kuzaa. Anisia alikuwa miongoni mwa waliomwosha. Walipomaliza kumwosha, wazee wa ukoo huu walileta kipande cha mkaa wakakifumbatisha kwenye kiganja cha maiti, kama walivyofanyiwa siku zote waliokufa bila mtoto, ili ugumba uzimike naye na usirudi nyumbani. Anisia hakula siku mbili. Vidole vile vilivyofungwa juu ya mkaa hakuvisahau tena.

Haya yanayofuata familia iliyajua jana tu, kwa mdomo wa Onesmo mwenyewe. Mwaka 1973 Anisia alimbembeleza mumewe waende hospitali kubwa ya Mwanza, wote wawili. Daktari aliwauliza mengi: hedhi yake inakwendaje, mimba iliwahi kutoka, kuna aliyeugua kisonono, kaswende au kichocho, baba anavuta sigara, anakunywa kiasi gani, anafanya kazi kwenye joto? Damu zao zikapimwa. Anisia akaingizwa dawa kwenye kizazi, akapigwa picha, na dawa ikaonekana imepita mirija yote miwili bila kizuizi. Mama huyu hana tatizo, daktari akasema, kisha akamgeukia Onesmo: "Uliwahi kuugua matubwitubwi?"

Aliwahi. Alikuwa na miaka kumi na tisa, ndiyo kwanza kaajiriwa mgodini. Mashavu yalivimba, halafu ugonjwa ukamshukia kwenye korodani, akalala wiki mbili huku wenzake kambini wakimtania. Daktari akataka mbegu zake zipimwe. Onesmo akainuka kuondoka, akasema yeye ni mwanaume kamili, wamuulize mke wake. Muuguzi mmoja, mama mtu mzima, akamshika mkono. "Baba, mficha uchi hazai. Nguvu za chumbani ni jambo moja, mbegu ni jambo jingine."

Alikubali. Mbegu zikatazamwa kwenye darubini, na baada ya wiki kadhaa zikatazamwa tena. Haikuonekana hata moja. Daktari akawaeleza kwamba matubwitubwi yakimpata mtu mzima yanaweza kuua mbegu moja kwa moja. Si kila mtu yanamtokea hayo, lakini kwake yametokea, na dawa yake hakuna.

Walipofika nyumbani, Mzee Jilala alikuwa amekaa uani na ndugu zake, wanangoja.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mayu. Daktari kasemaje?"

Onesmo aliinama, akaanza kufungua kamba za viatu. Anisia akamtazama mumewe, akawageukia wazee. "Ni mimi, baba. Mirija yangu imeziba."

Ndivyo ilivyokuwa. Mwanamke mwenye kizazi kizima alijivika ugumba mbele ya wakwe zake ili mumewe asichekwe kambini mara ya pili, na mumewe akanyamaza. Aliposhinikizwa aoe mke mwingine alikataa, na watu wakamsifu: jamani, mwanaume mvumilivu, kakaa na mgumba. Sifa hizo zilisemwa Anisia akiwapo. Alikuwa akiwakaribisha chakula wasifiaji.

Mwaka 1979 walihamia Geita. Onesmo alitengeneza pampu na mashine za wachimbaji wa Rwamgasa, naye Anisia akafungua kibanda cha cherehani Kalangalala. Kule alipendwa. Kitambaa kilipoadimika madukani, alifumua nguo za wakubwa akawashonea wanafunzi sare. Onesmo anasema mwaka 1981 alimwambia mkewe anataka kuja kumweleza baba yake ukweli. Anisia akajibu, "Baba ni mzee. Mwache." Onesmo anasema alishukuru kuambiwa hivyo. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, lakini Coletha atasema wazi kwamba jana alimchukia shemeji yake kwa muda mrefu kidogo.

Mwezi wa Machi mwaka huu miguu ya marehemu ilianza kuvimba. Hospitali ya Geita wakasema ni figo. Hapa Songwa ilisemwa ni ile mirija. Wiki ya mwisho alimshika Onesmo mkono akamwambia, "La kwako nimekubebea, na sijutii. Ila ule mkaa, Onesmo. Usiniache nishikishwe." Onesmo akaahidi. Anisia alifariki Jumanne tarehe 11 Agosti 1987, saa kumi alfajiri, akiwa na miaka arobaini na mitano.

Jana alasiri Mzee Jilala, ambaye sasa anatembelea mkongojo, alileta mkaa kwenye kisahani. Hakuwa na ubaya. Alikuwa analia. Wakati huohuo Ansgar alikuwa akiwasomea ndugu wasifu wa kwanza, na akafika pale palipoandikwa kuwa marehemu hakujaliwa mtoto kwa sababu ya maradhi ya kizazi. Onesmo akainuka. "Futeni hilo," akasema. "Kizazi chake kilikuwa kizima. Mgumba ni mimi." Akaeleza yote mliyoyasikia, amesimama, mbele ya baba yake na wafanyakazi wenzake wa zamani. Hakuna aliyecheka.

Mzee akauliza kwa sauti ndogo, "Na mkaa huu, ng'wanangu?"

Onesmo akauchukua kwenye kisahani, akautia mfukoni mwa shati alilovaa, shati lililoshonwa na Anisia. "Una mwenyewe, baba. Siku yangu ikifika, mnipe mimi."

Marehemu ameacha mume, Onesmo, kaka, Ansgar, mdogo wake, Coletha, baba mkwe, Mzee Jilala, wapwa tisa, na watoto wa Kalangalala ambao mashati yao bado yana pindo la kufumua. Mwenyezi Mungu ampokee, ampe pumziko la amani. Mtakaopita kumuaga, mtazameni mikono. Imekunjuliwa, na ni safi.